Haikuwa Fizikia, Shangazi

Halafu haikuwa Fizikia, shangazi. Ilikuwa Kemia.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama siku zote. Shikamoo ije sasa, ya pili. Shikamoo, shangazi.

Miaka yote ile dukani kwako Kihagara, kila nafasi za chuo cha famasia zilipotangazwa ulikuwa unaniuliza kwa nini siombi. Nikakuambia nimekwamishwa na Fizikia, kwamba cheti changu cha kidato cha nne kina F ya Fizikia. Ukaniamini. Siku mkaguzi wa maduka ya dawa alipopita, ukamuuliza mbele yangu, akasema Fizikia siyo lazima, wanachotaka ni Kemia na Baiolojia. Ulipiga kigelegele peke yako nyuma ya kaunta. "Yustina, mwanangu, mlango si huo hapo!" Nikacheka na wewe. Fizikia nilikuwa na D safi kabisa. F ilikuwa ya Kemia.

Basi nikaanza kusema mwakani. Mwakani ilikwenda miaka tisa, ukafa.

Watu walisema sikulia sana msibani. Ni kweli. Nilikuwa nafikiria makopo, lipi lipo rafu gani. Duka lilifungwa wiki ile ile, maana kibali kilikuwa na jina lako, wewe muuguzi mstaafu, na mimi nilikuwa msaidizi tu. Nilijua kila dawa inakaa wapi na sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba najua. Siku hizi mtu wa Kihagara akiumwa tumbo anapanda pikipiki mpaka Mbamba Bay.

Unakumbuka bahasha zilivyokuwa zikituishia? Tulikuwa tunafunga vidonge kwa karatasi za madaftari yangu ya shule. Ulisema, "Chana la Fizikia, si hulihitaji tena?" Mimi nikawa nachana la Kemia. Hukuwahi kuangalia upande wenye maandishi, ulikuwa na kazi yako upande mweupe. Wavuvi wa usipa, dagaa wetu wa ziwani, wanalala mchana na kufanya kazi usiku, kwa hiyo ulikataa kuwaandikia asubuhi na jioni. Ulichora mtumbwi unatoka, mtumbwi unarudi, na jua katikati kwa yule wa mara tatu. Halafu ulimkazia mteja macho. "Haya, nirudishie nilichosema." Asiporudisha sawasawa, dawa haitoki. Hata mchungaji ulimrudisha mara mbili.

Mwezi mmoja baada ya kukuzika, Mama Sefania, yule muuza usipa, alikuja nyumbani. Alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyolainika kama kitambaa. Mitumbwi yako miwili ilikuwepo, na jua. Alikuwa akiitunza kwa ajili ya dawa yake ya tumbo. Niliigeuza. Upande wa pili ni mwandiko wangu wa kidato cha tatu, hesabu ya Kemia, na mkasi mwekundu wa mwalimu, alama ya kukosa, juu yake.

"Kule Mbamba Bay wananiambia niache kuwaonyesha michoro," alisema. "Sasa hii nimpelekee nani?"

Wiki ile nikaenda kujiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka thelathini na saba, shangazi. Karani aliniuliza namwandikisha mtoto gani.

Nilianza kusoma kwa kile kilichobaki cha lile daftari. Nilikariri kurasa arobaini, nikazijua mpaka nukta. Nikaenda nalo Mbinga kwa mwalimu wa masomo ya ziada, Madamu Neema, binti mdogo ambaye mimi nilipomaliza shule yeye alikuwa hajaanza darasa la kwanza. Alifunua, akafunua, akafunika. "Dada, hili daftari lipeleke makumbusho." Mtaala umebadilika. Nusu ya nilichokariri haiulizwi tena kwa namna ile, na nusu nyingine nilikuwa nimeinakili vibaya tangu mwanzo. Ndiyo maana ya ule mkasi.

Basi nikaanza upya, kila Jumamosi, na vijana walioniita mama. Siku ya kwanza ya vitendo tulipewa chupa ndefu yenye mistari, tusome kimiminika kimefika wapi. Wote walisoma wakiwa wamesimama. Mimi magoti yalijikunja yenyewe. Ni wewe, shangazi, na ile dawa ya maji ya watoto: "Chuchumaa, jicho likutane na mstari. Ukisoma kutoka juu unamdanganya mtoto wa mwenzio." Vijana walicheka kumwona mama mzima amechuchumaa chini ya meza. Madamu Neema akasema, "Mnacheka nini? Huyu ndiye peke yake aliyesoma sawa." Wote wakachuchumaa.

Sasa nikuambie lile ambalo ungependa kulisikia kwanza. Nimeolewa! Wiki ya sita hii. Na Odilo, ndiyo, yule Mmatengo wa kijiji cha Ruanda, huku Mbinga, aliyekuwa akishuka kununua usipa wa kupeleka milimani, akawa kila safari anaumwa kichwa. Mara ya nne ulimnyima panadol. "Kijana, kichwa chako kizima. Hapa hatuuzi dawa ya kumtazama mtu." Akasema, "Basi nikurudishie, shangazi, nisikosee: hairuhusiwi kutazama kabisa, au mara tatu kwa siku?" Ulicheka mpaka ukakaa kwenye boksi la pamba.

Ninampenda mpaka naona aibu kuandika. Ana mikono mikubwa, na akinipa kikombe cha chai anakishika kana kwamba kina ndege ndani. Ameishia darasa la saba, lakini ndiye aliyenisomesha. Enzi za uchumba, jioni nikitoka masomoni nikapitia kwao, tulisimama kwenye chanja tukianika na kuchambua kahawa, yeye ameshika orodha ya elementi, ananiuliza moja moja kwa matamshi ya kwao. Mwisho yeye alizishika zote kabla yangu. Mpaka leo akiniona tu kwa mbali shambani anapaza sauti, "Sodiamu!" na mimi naitika namba yake, kumi na moja, na mama mkwe anaomba Mungu. Kula samaki bado hajui. Anaanza na kichwa cha usipa, halafu anauliza mwiba umetoka wapi.

Nilipata C, shangazi. C ya Kemia. Niliitazama nikatulia tu, kama unavyotazama jina la mtu mwingine.

Niliomba chuo Songea. Ujumbe wa kuchaguliwa uliingia kwenye simu wiki ya pili ya ndoa, nikiwa napeta maharage. Nilipaswa kuthibitisha, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilikaa nayo siku mbili bila kumwonyesha Odilo. Nilikuwa nimepata nyumba yenye mtu ninayemtaka, na simu inaniambia niondoke miaka mitatu. Neno mwakani lilinijia mdomoni lenyewe, shangazi, limeshazoea njia. Nilikuwa nimeshatunga na sababu: mama mkwe anaumwa miguu. Mama mkwe haumwi miguu.

Siku ya pili jioni nilimwambia Odilo yote, ya ujumbe na ya uongo wangu wa Fizikia. Yeye ndiye wa kwanza kujua. Alichambua punje chache. Kisha akasema, "Mkahawa nao ukiupanda unangoja miaka mitatu. Sijawahi kuusimamia pale nikiukasirikia." Akanyoosha mkono, "Lete hiyo simu, au wewe ubonyeze, mimi niangalie." Nilibonyeza mwenyewe.

Naanza chuo mwezi ujao. Ile karatasi ya Mama Sefania nilimwomba, akakubali kunipa kwa masharti kwamba nitamrudishia nikifungua duka. Ile hesabu nimeifanya upya chini ya mkasi wa mwalimu, kwa kalamu. Imetoka. Upande wa mitumbwi sijaugusa.

Sina ninachokuomba. Ningeweza kusema unisamehe, lakini najua ungeanza kwa kuniuliza kwa nini sikuchana lile la Fizikia kama ulivyoniagiza. Lipo zima, limeliwa na mende pembeni tu.

Tunashuka Kihagara na Odilo, na mifuko ya saruji ya kukujengea kaburi, na msalaba ameshauchonga mwenyewe, wa Kianglikana kama kanisa lako, si wa kanisa lake, bila ubishi. Nitachuchumaa pale ulipo nikuambie kwa mdomo haya niliyoandika. Kisha ndipo niende Songea.

Najua ungesema nirudishie. Haya, narudisha: ilikuwa Kemia, nimeifaulu, na tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Yustina wako