Kopo la Vifungo

3 Machi
Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mashuka ya hoteli hayaishi kufuliwa.

Mwalimu kanipigia. Mwanangu, Cherehani wetu, bado miguu haitulii, daftari tupu, na wiki ya sita hii anakunywa dawa ya kumtuliza! Asipobadilika atarudia darasa, nami namjua, atavunjika moyo. Nakuomba umrudishe kwa daktari aongeze kipimo.
Mwanao

20 Machi
Marahaba, mwanangu. Magoti yanalalamika, nami nayapuuza. Daktari kaongeza, kutoka kidonge kimoja mpaka viwili kila asubuhi. Usijali, nipo.
Mama yako

11 Aprili
Shikamoo, mama. Macho vipi baada ya upasuaji?

Wifi kanieleza. Siku ulizolazwa hospitalini alimpa mtoto vidonge viwili, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Moyo ukamwenda mbio, hakula, akakaa anatazama ukuta hadi jioni. Si ndivyo unavyompa wewe kila siku? Mama, niambie ukweli.
Mwanao

14 Aprili
Marahaba. Macho yanaona, ndiyo maana nina aibu.

Nilikuwa nakata. Tangu siku ya kwanza nampa nusu, kwa wembe wangu wa kufumulia mishono. Hata vilipokuwa viwili, nusu yangu ikabaki nusu, na daktari nikamwambia nampa vyote. Niliogopa, mwanangu. Ulipoondoka, nyumba hii ilizizima; kelele zake ndizo zilizonishika mkono. Nikasema dawa isije ikaninyang'anya na yeye.

Vilivyobaki vyote nimevitia kwenye kopo la vifungo. Kesho nampelekea daktari, aniseme atakavyo.
Mama yako

8 Mei
Mwanangu, hujambo? Hujajibu, na sikulaumu.

Daktari hakunigombeza. Alimwaga kopo mezani, akachambua vidonge na vifungo, akahesabu, akashusha pumzi. Tukaanza upya na kidonge kimoja, kizima. Leo wiki ya tatu. Anakula, analala, na juzi aliandika ukurasa mzima, kisha akanisimulia mpaka nikamwomba anipumzishe masikio. Kumbe kile kimoja cha mwanzo ndicho kilichokuwa kipimo chake.

Jana shule ilileta uamuzi: atarudia darasa. Akaniuliza, "Bibi, nilikosea wapi?" Nikamwambia hakukosea yeye, nilikosea mimi, na nikamweleza yote.

Tangu jana hajanisemesha. Kimya kile nilichokiogopa kimekuja, na dawa haihusiki.

Mpigie, anakungoja.
Mama yako