Mume wangu anabandika soli kwenye viatu vyangu kwa siri

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kusoma shida za watu. Ukurasa wako nimeusoma miaka sita sasa, kila mapumziko ya mchana, na sitaficha kwamba mara nyingi nilicheka nikasema huyu naye anapeleka gazetini jambo la kuzungumza na mwenzake jikoni. Leo ni mimi nimekalia katoni la glavu nakuandikia, kwa hiyo watakaonicheka wana haki yao.

Mimi ni karani wa ghala la vifaa vya hospitali, nina miaka arobaini na mmoja, nimesoma mpaka kidato cha nne, na tangu shuleni nina tabia ya kuandika shajara, kila siku mistari michache na tarehe juu yake, ndiyo maana nitakutajia tarehe. Mume wangu ni fundi viatu. Kibanda chake kiko chini ya jengo tunaloishi, sisi tuko ghorofa ya tatu, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi namwita hivyo. Tuna miaka kumi na minne ya ndoa na hatujawahi kulala tumenuniana. Fundi anaamini mguu wa mtu unataka kisigino cha kuuinua na sponji ya kuulalia, na viatu vyangu vyote vya kazi kavitengeneza hivyo kwa mkono wake. Ukimpa kiatu kilichochakaa anakuambia mwenyewe anatembeaje hata kama hajawahi kumwona. Mimi huniambia, "Wewe kisigino cha kulia unakila kwa nje," na hukiziba kabla sijajua kimeliwa.

Mwezi wa kwanza nilijiunga na kikundi cha mazoezi cha hapa kazini, Jumanne na Alhamisi jioni, na kocha wetu anavaa vile viatu vya soli nyembamba vinavyomfanya mtu akanyage kama yuko peku, havina kisigino, mbele ni vipana vidole vinakaa vimejiachia, na ukivikunja vinaingia mfukoni kama soksi. Nilivijaribu vyake dakika mbili tu nikapenda, maana kwa mara ya kwanza nilihisi vidole vyangu vyote kumi vina kazi. Tarehe 11 Februari nikanunua jozi yangu. Nikavipeleka kwa Fundi kwa furaha, kama mtoto anayepeleka daftari lenye alama nzuri. Akakigeuza kimoja, akakikunja, akakinusa gundi, akaniangalia.

"Mke wangu," akasema, "hiki kiatu wamekuuzia kikiwa kimeshaisha."

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini wifi yangu, dada yake Fundi, alikuwepo, naye hajui kuacha jambo lipite. "Wifi, kaka yangu ndiye fundi wa mtaa mzima, halafu wewe unatembea peku yenye kamba? Watu watasema hamna gundi nyumbani." Kila nikipita pale ni "Peku yenye kamba, karibu!" na Fundi anainamisha kichwa anaendelea kupiga misumari, hanitetei wala hanicheki.

Kocha aliniambia nianze na dakika kumi kwa siku, muda mwingine nivae viatu vyangu vya zamani. Nilifuata maelekezo hayo wiki mbili kamili, imeandikwa. Halafu tarehe 25 Februari wifi akanitania mbele ya mwenye nyumba wetu, nikapandisha hasira, nikavifungia viatu vya Fundi kwenye boksi juu ya kabati, na kuanzia siku hiyo nikavaa vyembamba toka asubuhi mpaka jioni, kwenye sakafu ya saruji ya ghala, kwenye ngazi, kwenye mazoezi. Nilitaka waone.

Tarehe 11 Machi mguu wa kulia ukaanza kuuma, juu yake, nyuma ya kidole cha pili, sehemu ndogo tu ya kufunikwa na ncha ya kidole. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje Fundi? Angesema, "Si nilikuambia?" Basi nyumbani nikawa natembea kwa kujikaza, wima kama bibi harusi. Na huyu mwanamume naye ni mtu wa kuchunguza mambo madogomadogo, mpaka tarehe 14 aliniuliza, "Mbona siku hizi kila ngazi unaitangulizia mguu wa kushoto?" Nikamwambia ni mazoea tu. Nimekuandikia hilo uone jinsi anavyonifuatilia.

Jumapili tarehe 16 Machi akasema, "Lete hivyo viatu vyako nivisafishe." Nikashangaa, nikafurahi, nikajua amevikubali. Tarehe 18 nikaandika hivi, nanakili: "Leo sikuhisi kokoto hata moja. Nyayo zimekomaa. Maumivu yamepungua." Tarehe 30 akavisafisha tena. Tarehe 1 Aprili: "Nimekimbia mbele ya watu wa maabara. Mguu mwepesi." Nikaongeza mbio kila wiki, nikajiandikisha kwenye mbio za kilomita kumi za kazini, ambazo ni tarehe 4 Mei.

Tarehe 10 Aprili tukanyeshewa mazoezini. Kesho yake hapa ghalani nikaona soli ya kulia imeachia ukingoni, nikaingiza ncha ya kisu cha katoni nivute uchafu, ukatoka mpira. Tabaka mbili, mshauri, moja juu ya nyingine, nyembamba, zimekatwa kufuata kiatu na kingo zimesagwa kwa msasa kwa mshazari mpaka huoni kiungo. Mtu anayesaga ukingo hivyo namjua, nalala naye kitanda kimoja.

Nilikaa chini. Kumbe nyayo zangu hazijakomaa. Kumbe watu wa maabara niliwapita kwa soli za mume wangu. Nilizibandua zote mbili palepale kwa hasira, kwenye vyote viwili, na mguu tangu siku hiyo unauma kuliko mwanzo, sasa hata nikikaa unapwita, naona ni ile mipira yake iliyouharibu.

Sijamwambia kwamba najua. Siku ya tano leo. Aliuliza viatu viko wapi nikamwambia viko kazini, kumbe viko chini ya mkoba wangu, na huo ni uongo wangu wa kwanza kwake katika miaka kumi na minne. Nafikiria kununua jozi nyingine niifungie kwenye kabati langu la hapa, asiione kabisa, nimalize mbio zangu ndipo tuzungumze. Lakini nikimtazama anavyokula kimya najiuliza, ikiwa anaweza kunibadilishia kitu ninachokanyagia bila kuniambia, ni kingapi kingine sikijui? Je, nivae viatu vipi mazoezini na vipi siku za kawaida? Na huyu mwanamume nimfanyeje?

Karani wa Ghala

MSHAURI ANAJIBU

Dada Karani, pole kwa mguu, na pole zaidi kwa siku tano za kula kimya. Umeniandikia vizuri kuliko wengi, maana wengi huniambia "juzi juzi" na "siku moja", wewe umenipa tarehe. Sasa ngoja nizitumie, kwa sababu inaonekana wewe uliziandika ukasahau kuzisoma kwa mfululizo.

Mguu ulianza kuuma tarehe 11 Machi. Kiatu kilikwenda kusafishwa tarehe 16. Toa moja kwenye nyingine. Siku tano nzima ulikuwa unaumia na hakuna mpira wowote uliobandikwa popote. Baada ya tabaka la kwanza umeandika wewe mwenyewe kwamba maumivu yamepungua, na ulipozibandua yakarudi. Mumeo hakukuumiza. Kilichokuumiza ni tarehe 25 Februari, siku uliyoacha dakika kumi ukaruka kwenye saa kumi, juu ya saruji, ili kumkomesha wifi. Mguu uliozoea kisigino miaka kumi na minne huwezi kuuambia kwa siku moja kwamba kisigino hakuna. Kocha alikueleza ukamwelewa, halafu ukaacha utani wa mtu anayekaa kibandani ukupangie mazoezi.

Twende kwenye tarehe 14, ambayo umeipitia haraka haraka. Mwanamume anayesoma mwendo wa watu kwenye viatu vyao alikuona unapanda ngazi kwa mguu mmoja. Hakukucheka, hakusema "si nilikuambia". Aliuliza. Ukamjibu ni mazoea. Huo ndio uongo wako wa kwanza, dada, ule wa viatu kuwa kazini ni wa pili. Siku mbili baadaye akaomba viatu. Aliona mkewe anaumia, akauliza akafungiwa mlango, akafanya kitu pekee ambacho mikono yake inakijua.

Usinielewe vibaya, hilo halimsafishi. Fundi, kama ukurasa huu utakufikia ukiwa unafungia kiatu cha mteja, soma kabla hujafunga: mwili wa mkeo si kazi iliyoletwa kibandani. Ulimwacha ajiandikishe mbio za kilomita kumi kwa kuamini miguu ambayo hakuwa nayo, na hilo lingeweza kumvunja. Na ulipokuwa umeinamisha kichwa dada yako akiropoka, kichwa kilipaswa kuinuka. Neno moja, "Basi, dada," lingetosha, na huenda tusingefika hapa.

Sasa mguu. Maumivu ya sehemu moja ndogo juu ya mfupa, yanayopwita hata ukiwa umekaa, hayatibiwi na kiatu cha aina yoyote. Unafanya kazi hospitalini, jamani! Toka ghalani kesho, vuka uwanja wa hospitali, uonwe na daktari, upigwe picha akiona inafaa, kwa sababu mfupa unaweza kuwa na ufa mdogo. Mpaka akuambie vinginevyo hukimbii, huruki, na mbio za tarehe 4 Mei utazitazama ukiwa umekaa. Utasikitika wiki moja. Afadhali hiyo kuliko magongo.

Kuhusu viatu, hukukosea kuvipenda. Watu wengi vimewafaa, wengine havikuwafaa, na sitakudanganya kwamba ni dawa. Lakini usitafute jozi moja ya kufanya kila kitu. Ghalani ni viatu vya kufunika vidole vyenye ncha ngumu, basi, katoni likidondoka halijui umevaa nini. Vya mazoezi viwe vyembamba kama vyako, ila viushike mguu vizuri juu na visiteleze chini. Vya sokoni na vya kutembelea vinaweza kuwa vipana vile vile mbele na bapa vile vile, lakini vyenye soli nene kidogo, maana barabarani kuna mawe na chupa. Ukienda kununua nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka, chora unyayo wako kwenye karatasi ukiwa umesimama, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mstari wa vidole ukitokeza nje ya kiatu, kirudishe hata kama muuzaji anakuapia kwamba kitaachia. Na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Daktari akikuruhusu, unaanza upya kama mtu asiyejua: ndani ya nyumba kwanza, halafu mwendo wa kwenda dukani na kurudi, mbio mwisho kabisa. Mguu ukiuma, unarudi nyuma hatua moja, na unasema. Unamwambia mtu mwenye masikio, si daftari peke yake.

Kuna jambo nadhani nyote wawili hamjaliona kwa sababu ya hasira. Kati ya kisigino chake kirefu na soli yako nyembamba kuna ngazi nyingi, na mtu anayeweza kuzijenga unaishi naye. Zile tabaka mbili, kama zingewekwa mchana kweupe kwa makubaliano, zilikuwa wazo zuri sana: unaanza nazo, anabandua moja baada ya wiki kadhaa, kisha ya pili. Na viatu vile ulivyovifungia kwenye boksi, vishushe. Anaweza kuvipunguza kisigino kidogo kila mwezi mpaka mguu wako ushuke bila kushtuka. Hakuna duka litakalokufanyia hivyo.

Jozi ya kuficha kazini, hapana. Ukishaanza kuwa na viatu vya kuonyesha na viatu vya kuficha, kesho utakuwa na safari za kuonyesha na safari za kuficha, na mimi barua za aina hiyo ninazo fungu zima, hazina mwisho mzuri. Wifi naye mwachie kaka yake.

Leo ukitoka kazini usipande moja kwa moja nyumbani. Ingia kibandani, subiri mteja aliyepo aondoke, kaa pale wanapokaa wateja. Usianze na mipira. Utataka kuanza nayo, kwa sababu hapo una haki, lakini ukianza nayo atajitetea na mtafika saa ya chakula mnahesabiana makosa. Vua kiatu cha kulia, umpe mguu mkononi, na umwonyeshe kwa kidole panapouma.