Jumamosi Tulizokunyang'anya, Koko Clémence

Mwaka wa kwanza umetimia, Koko Clémence, tangu ulipotuacha mu mvua ya mwezi wa nne. Tunakuandikia sisi wa nyumba ya mutoto wako Delphin, na wengine wasome pia, zaidi wamama.

Uliuza mboga ya lengalenga soko ya Nyawera miaka makumi tatu, na hakuna aliyekuomba chumvi akarudi mikono mitupu. Lakini ulikuwa na sheria zako. Hata padiri ulimusimamisha ku mulango: "Padiri, kwangu mutu haingie na viatu ya matope, hata kama amemubeba Yesu." Na alivua, akicheka.

Kila Jumamosi wajukuu wako Colette na Bruno walishuka kwako Kadutu. Uliwawekea beseni ya sombe, majani ya muhogo, mikono yao inajaa maji na majani, hakuna mwenye kugusa telefone. "Mikono iko na kazi, masikio iko bure," ulisema. "Sasa munipashe habari." Na walikupasha. Jioni walirudi wakicheka vitu ambavyo mama yao hakuvijua.

Hapo ndipo wivu ulimuingia mukwe wako Nsimire. Yeye ndiye aliwazaa, yeye anawapikia, yeye anawaamusha asubui. Akiwasalimia, wanamujibu "mm", macho ku telefone. Kwako wewe ndiyo wanafungua kinywa! Colette alipochekwa na wasichana wa darasa lake mu groupe ya WhatsApp, mupaka akakataa kwenda masomo, wewe ulijua wiki mbili mbele ya mama yake. Nsimire alikuja kuisikia kwa Bruno, akiwa anasonga bugali.

"Koko alijua?"

"Alijua, maman. Alimufundisha hata namna ya kuwajibu."

Bugali ile iliungua.

Noeli ile akakununulia telefone ya kugusa. Majirani walimusifu sana: mukwe kama huyu unamupata wapi? Wewe uliigeuzageuza. "Nsimire mwanangu, nitanusa aje kichwa ya mutoto mu hii kitu? Nitajua aje kama ameoga?" Tulicheka wote. Bruno akakufundisha kutuma kidole gumba, na hicho tu ndicho ulikishika.

Jumamosi iliyofuata Nsimire aliwaambia watoto: "Musishuke. Koko amechoka na makelele yenu, ameomba apumuzike. Mutamuona mu video." Wakabaki Jumamosi moja, wakabaki mbili, halafu ikakuwa mazoea. Video nazo zilipungua, zikabakia mioyo na maua. Nsimire alifurahi kuwa na watoto wake nyumbani. Walikaa kila mutu na telefone yake, hawamuambii kitu, lakini alau hawakukuambia wewe.

Wewe ulimuuliza Delphin ku mulango ya kanisa: "Papa, mwanangu, watoto nimewakosea nini?" Delphin, naye hakujua kitu, akakujibu kwamba masomo imekuwa mingi.

Wiki ile ya mvua tuliandika kila asubui: "Koko, uko bien?" Na kila asubui kidole gumba kilikuja. Tukaendelea na kazi zetu. Kidole hakikohoi, Koko. Kidole hakitetemeki na homa. Siku ya nne jirani yako maman Pascaline alisukuma mulango, akakukuta hauwezi kusimama. Docteur alisema ni mapafu, akasema tumechelewa.

Wamama munaosoma, musikie. Telefone mutoto ataipata tu, leo ao kesho. Lakini akipata mutu wa kumufungulia roho, mwenye kumutazama usoni, usimukatie njia kwa sababu mutu huyo si wewe. Nsimire aliikata. Alifikiri maneno ya watoto yatageuka na kurudi kwake. Hayakurudi. Yalikauka.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatayarisha misa yako. Colette akasema: "Mimi ku kaburi sifiki. Koko alituchoka, ni yeye mwenyewe alisema." Nsimire alikuwa na sahani mukononi. Aliipeleka kuiosha. Anajibu hapa.

Colette, na wewe Bruno: koko wenu hakuwachoka. Hakuomba kupumuzika hata siku moja. Maneno yale yalikuwa ya mama yenu, aliyatunga mu kichwa yake kwa wivu. Muulizeni maman Pascaline, atawaambia: kila Jumamosi koko wenu alitoka akasimama ku njia, akitazama juu mahali mulikuwa munatokea, mupaka jua liwe kali, ndiyo aingie.

Koko, wakisha kusoma hii watakupenda kupita mbele, na Nsimire watamupenda kidogo. Analijua hilo. Wivu bado unamuuma, hata leo anapoandika jina lako. Lakini ni wajukuu wako. Wacha wakupende.

Wanaokukumbuka: mutoto wako Delphin, mukwe wako Nsimire, wajukuu wako Colette na Bruno, na jirani yako maman Pascaline.

Tutakutaja mu nyumba hii siku zote za maisha yetu.