Kiti Chenye Paa

Précieux, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Brampton ni mbinguni, hata ushindwe kufika huku kwangu Scarborough, mwendo wa saa moja tu kwa gari? Aibu! Sabine wa kanisani anaandika ninavyosema, maana sikusoma. Lakini jirani yangu Mchina, Mama Lin, ananifundisha maandishi yao. Neno lao la kuketi, "zuo", ni watu wawili waliochorwa juu ya udongo. Kiti nacho ni "zuo", sauti ile ile, ila wazee wao waliwaongezea hao wawili paa. Mimi paa ninalo. Wa kuketi naye sina.

Juzi nilianguka bafuni. Nilikupigia, simu ikalia bure. Mama Lin ndiye aliyeniinua, nikiwa uchi hivyo hivyo.

Ukija, leta wembe unikate kucha za miguu. Mama Lin anataka kuzikata, nimemkatalia. Hiyo ni kazi ya mtu wangu.

Bibi yako,
Vumilia