Dakika Kumi Kwenye Ukuta wa Shule

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Lile shati la bluu bado bichi, usilivae kwa ubishi wako. Saa nne fundi anakuja kuchukua jibu: afungue injini ya gari letu au tutafute jingine.

Asubuhi uliponiuliza ninaonaje, nikageukia kufunika mkate, ukasema nimenuna. Sikununa. Niliona aibu kusema.

Kabla injini haijaanza kuchemka, ulikuwa unanishusha kazini simu ikiwa sikioni. "Haya, jioni," basi. Siku hizi tunasimama pale kwenye ukuta wa shule dakika kumi, boneti juu, tukingoja ipoe. Wiki iliyopita ukanisimulia ulivyopotea sokoni ukiwa mtoto, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sikuwahi kukisikia kisa hicho. Na tangu watoto wahame, sikuwa nimekusikia ukicheka.

Nimetoka ukiwa bafuni, leo napanda basi.

Mwambie fundi ~~asiliguse~~ alitengeneze. Ila hata likipona, kesho tusimame palepale.

Mkeo