Vidole Vyangu na Maua ya Limuru

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka kwenye baridi inayong'ata masikio, nikiomba magoti yako yamepoa na mto haujaingia shambani. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Mimi nasema, mtu ananiandikia.

Nimesikia Hiribae amekusanya vijana wa kijiji, wananoa mapanga, eti mfugaji amenikata mimi, kaka yao. Nikimpigia simu huyo mdogo wangu, anakata kabla sijamaliza. Ndiyo maana nitampa kondakta wa basi karatasi hii. Dada aisome kwa sauti, Hiribae akiwa hapo hapo. Akitaka kutoka, mfungieni mlango.

Hiribae, sikiliza. Hapa ninapofanya kazi kuna maua yanaitwa haidrenjia, ya buluu, kila moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Mwaka jana niliyafyeka mpaka chini, kama migomba iliyokwisha kuzaa. Mama mwenye nyumba alipiga kelele nikadhani ameona nyoka. Kumbe ua la mwaka ujao hukaa kwenye tawi la mwaka huu. Unakata kile kichwa kilichokauka tu, juu ya vichipukizi viwili vilivyonona. Tukakaa msimu mzima bila ua. Safari hii nilipogoa kwa mkasi, tawi baada ya tawi, mpaka nikayaona ni yangu.

Sasa kuna Guyo, bawabu, ambaye pia anachunga ng'ombe wa maziwa wa nyumba hii. Ametoka huko huko kwetu, kwa wafugaji wa ng'ambo ya Tarasaa. Hawezi kuona jani bichi likitupwa. Akamwachilia ng'ombe ale matawi niliyokata, ng'ombe akapitiliza kwenye maua yenyewe, akavunja safu nzima, vichipukizi vyote.

Damu ilinipanda. Nilishika panga nikamkata ng'ombe mguu wa nyuma, mshipa ukakatika, akaanguka akilia. Guyo akaja mbio.

"Wewe mkulima, ng'ombe amekukosea nini? Kata mimi!"

Nikamkata. Nilimpiga bega la kushoto, mfupa ukaonekana. Akaninyang'anya panga, akalishusha, na vidole vyangu viwili vikabaki kwenye nyasi. Nikamng'ata sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni. Watu wawili wa Tana tunachinjana kwa ajili ya maua yasiyoliwa, na mama wa watu amesimama na kikombe chake cha chai. Ng'ombe ilibidi amaliziwe kwa kisu.

Kwa hiyo, Hiribae, aliyeanza ni mimi. Andika hivyo hivyo, Guyo, na usicheke.

Ndiyo, mama, anayeandika ni yeye. Mwenye nyumba hakutupeleka polisi. Alisema Guyo atakuwa mkono wangu mpaka nipone. Kila asubuhi anapogoa, mimi nasimama nyuma yake namtukana. Anaminya mkasi kama anakamua. Sijamsamehe. Naye hajanisamehe ng'ombe. Lakini ugomvi huu ni wetu wawili, na uko Limuru. Mtu asiubebe kuupeleka Garsen.

Nisalimie dada, shangazi msuka mikeka, na mjomba anayevusha watu mtoni. Waambie kwa mkono wa kushoto najifunza kushika kijiko.

Mwanao anayekukumbuka,
Komora

Mama, hapa ni mimi Guyo. Komora amelala. Nimeandika yote amesema, hata matusi ananitukana. Mimi niko na moja tu. Mama yangu anauza maziwa soko ya Garsen, karibu na meza yako ya ndizi. Ni yule wa jicho moja, unampatia ndizi zikibaki. Yeye hana simu. Njia yake inapita kwenu asubuhi mapema, peke yake na vibuyu vyake. Hiribae akitoka na panga, mtu wa kwanza atakutana naye ni huyo.