Mistari ya Chokaa

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Mbinga, hospitali. Tumetoka Lundo alfajiri. Mlangoni kwa daktari, mume wangu, Baba Jacqueline, akaganda — miguu imenata sakafuni, mwili unataka kwenda. Foleni nzima inatazama. Huyu ni Ildefonsi aliyekuwa akisukuma mtumbwi majini peke yake. Ugonjwa wa Pakinsoni, mwaka wa nne sasa.

Mtaalamu wa mazoezi, Bwana Florian, hakumvuta mkono kama ninavyofanya mimi. Alibandika selotepu nyekundu sakafuni, vipande vitano, kila kimoja kimekata njia. Akamwambia, "Mzee, usifikirie kutembea. Vuka mstari tu."

Akavuka. Yote mitano! Nikageukia dirishani.

Florian kasema haiponyi. Ila kichwa kikishindwa kuanzisha hatua, macho yanaweza kukisaidia. Niweke mistari nyumbani, nafasi ya hatua moja moja.

Jumatano, 6 Novemba
Ndani nimebandika, kitandani hadi mlangoni. Nje selotepu haishiki udongo, nimechora kwa chokaa mpaka chooni. Mistari thelathini na mmoja. Mgongo umekufa.

Ameenda chooni mwenyewe. Mara ya kwanza tangu Pasaka. Aliporudi alisimama uani akitazama ziwa.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya Misa wifi Kunigunda, dada yake Ildefonsi, kanivuta pembeni. Watu wanasema. Chokaa ya nini uani kwa mgonjwa? Wanasema nimemfunga kaka yake kwa uchawi, ndiyo maana akitoka kwenye mistari hawezi kwenda. Nikamweleza ya hospitali yote. Akaitikia kwa mdomo, macho hayakuitikia.

Na kweli bila mistari hawezi. Nitamweleza nani?

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua ya kwanza. Imefuta yote. Nimechora upya. Jirani kapita, hakusalimu.

Jumamosi, 16 Novemba
Asubuhi nilichora palipofifia, nikashuka ufukweni kununua dagaa wa usipa. Saa moja, haikuzidi. Nyuma yangu Kunigunda alikuja. Kaka yake amelala. Akafagia mistari yote ya uani, akanyunyiza maji ya baraka. Anasema alitaka kumfungua.

Kisha akaingia jikoni kumkorogea uji. Ildefonsi akaamka, akavuka mistari ya ndani vizuri, akatoka. Nje hakuna kitu. Udongo mtupu. Miguu ikaganda, mwili ukaenda.

Nimewakuta chini uani. Kunigunda amempakata kichwa, analia. Ildefonsi amejikojolea, mguu mmoja umepinda nje. Nikaona ufagio. Kunigunda akanieleza yote kwa kunong'ona, ameshika kitenge changu. Sikumpiga. Nilitaka.

Jumanne, 19 Novemba
Mbinga tena, wodini. Nyonga imevunjika. Upasuaji ni Songea, lakini daktari anasema kifua kimeanza kujaa, wasubiri kwanza. Wasubiri nini, hakusema. Florian alipita, akatazama miguu chini ya shuka, akampa mzee shikamoo, akaondoka.

Kunigunda habanduki kitandani. Anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anamgeuza, anamfuta. Ildefonsi anawaambia wagonjwa wenzake kwamba isingekuwa dada yake angefia uani. Hajui. Kunigunda ananitazama kila anaposema hivyo.

Mchana huu Ildefonsi kaniita. Sauti imekuwa ndogo, nikainama.

"Mama Jacqueline. Siku ile hukuchora?"

Siku zote tatu amelala hapa akifikiri ni mimi. Hana hata hasira. Anauliza tu.

Nikamtazama Kunigunda. Kijiko kimesimama hewani, uji unadondoka kwenye shuka. Nikamsubiri aseme. Akakirudisha kijiko bakulini, akaanza kukoroga.

Nikasema nakuja. Nipo kwenye benchi la korido, mlango wa wodi uko wazi. Nikisema, nitamnyang'anya dada yake huku kifua kikijaa. Nisiposema —

Ananiita tena.